Bwana Shamba, Mnazi na Hati: Habari za Ulinzi wa Kilimo cha Pwani Yetu



Baada ya hesabu za fedha na habari za misaada, taarifa yetu ya mwaka huacha nafasi kwa kurasa chache za historia. Mwaka huu tumeona vema kuzungumza juu ya kilimo. Huenda mtu akastaajabu, akasema: sisi ni watu wa kisiwani, nyumba zetu za Mji wa Kale zimegusana ukuta kwa ukuta, na hata mahali pa kupanda mchicha hatuna, kilimo chatuhusu nini?

Chatuhusu sana. Ni chache nyumba za kale za hapa zisizokuwa na fungu, dogo au kubwa, katika shamba lililo ng'ambo ya maji: Kisauni, Likoni, Changamwe au Mtwapa. Mengine ni urithi usiogawanywa, mengine ni wakfu. Nazi tunayoikuna alfajiri kwa mbaazi za mahamri yatoka huko huko. Na katika miaka hii mashamba mengi ya namna hiyo yameuzwa, minazi ikakatwa, na viwanja vikajengwa. Kwa hiyo ni haki tuulize: Serikali, tangu ilipoanza kuwa na idara ya kuangalia kilimo, imekilinda vipi kilimo cha pwani yetu? Na ni wapi ulinzi huo ulipopungua?

Neno tunalotaka kulionyesha ni hili. Mkulima hulindwa kwa mambo 3: mmea wake usiliwe na wadudu na maradhi, bei ya mazao yake isivunjwe, na ardhi isiondolewe chini ya miguu yake. Idara iliyotazama jambo moja na kuyasahau mawili ilifanya kazi nyingi kwa faida chache.

Hali ya kilimo kabla ya idara

Kilimo cha pwani ni cha kale kuliko Serikali yoyote iliyotuandikia sheria kwa wino. Wareno walipofika Mombasa mara ya kwanza katika mwaka wa 1498, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Zawadi hiyo yatosha kushuhudia bustani zilizokuwapo. Katika karne ya 19 nafaka ya Wamijikenda ilikuwa ikiletwa mjini kwa biashara, na mashamba ya Malindi, yaliyofufuliwa wakati wa Sultani Majid mnamo miaka ya 1860, yalipeleka mtama na ufuta hata Arabuni.

Lakini ni wajibu wetu kusema kweli yote. Utajiri wa mashamba yale makubwa ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Hawa hawakuwa na mlinzi, na habari zao hazikuandikwa ila kama hesabu ya mali ya wengine. Utumwa ulipofutwa kwa sheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907, wenye mashamba walilipwa fidia, na waliolima hawakupewa ardhi. Jambo hilo tulikumbuke, kwani litarudi mbele.

Serikali ya Kiingereza ilitwaa utawala wa nchi hii tarehe 1 Julai 1895. Haukupita muda, mvua zikakosekana, na ikaja njaa kubwa ya 1898 hadi 1900. Wamijikenda waliiita njaa ya Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula yaliyoletwa kuwaokoa watu. Basi kwa wakulima wengi wa nyuma ya mji wetu, huo ndio mkono wa kwanza wa Serikali walioujua katika mambo ya chakula: mkono uliobeba gunia. Ulikuwa mkono wa rehema. Lakini gunia huliwa likaisha. Yataka jambo jingine ili mtu avune mwenyewe mwaka ufuatao.

Hati za mwaka 1908

Idara ya Kilimo ilipoundwa, macho yake yalielekea zaidi bara, katika nyanda za juu walikokuwa wakikaribishwa walowezi. Huku pwani yalijaribiwa mashamba makubwa ya pamba, mpira na katani. Bei ya mpira ilianguka mnamo 1913, na mashamba mengi ya mpira yakaachwa.

Jambo lililoigusa pwani zaidi kuliko zao lolote lilikuwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa apeleke dai lake, alithibitishe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari, na hapo msemo huo ulitimia. Waliojua mahakama na maandishi walipata hati. Wamijikenda wengi, pamoja na waliokuwa watumwa na watoto wao, hawakupata, ingawa walikuwa wakiilima ardhi hiyo hiyo kwa mikono yao. Wakawa maskwota.

Tena kulikuwa na tofauti ya mila. Kwa desturi ya pwani mtu huweza kuwa na mnazi bila ya kuwa na ardhi uliposimama. Mnazi wake aurithi, auweka rehani, auuza, na ardhi ni ya mwingine. Watu wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwani tuna nyumba nyingi ambazo kuta ni za mmoja na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Sheria ya Kiingereza haikuzoea mila hiyo. Matokeo yake yalikuwa mazito. Mnazi mrefu wa asili yetu huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, kisha hudumu miaka 60 na zaidi. Mwenye shamba aliyempa skwota ruhusa ya kulima mahindi na muhogo alimkataza kupanda miti ya kudumu, akichelea kwamba mti utakuwa ushahidi wa kudai ardhi. Na skwota naye, hata kama angeruhusiwa, angepandaje mti wa miaka 60 mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Hivyo mashamba yakazeeka. Minazi iliyopandwa na mababu ikaendelea kuzaa, na michanga ya kuirithi ikawa michache.

Wagiriama nao walikuwa wakilima mahindi mengi kaskazini ya mto Sabaki na kuyauza. Serikali iliwataka watoe vibarua kwa mashamba ya wageni, na ikataka kuwaondoa katika ardhi ile yenye rutuba. Mabishano hayo, ambayo jina la Mekatilili wa Menza halitengwi nayo, yalifikia vita mwaka 1914. Twayataja hapa kwa sababu moja: watu waliokuwa wakilisha soko bila ya kufundishwa na mtu walivunjwa nguvu na Serikali ile ile iliyosema kwamba inataka kilimo kisitawi.

Chonga, tembo na sheria za mnazi

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Vitabu vya sheria vya wakati wa ukoloni vilikuwa na sheria 2 mahsusi kwa mnazi: moja ya kuuhifadhi mti na nyingine ya kuongoza biashara ya mazao yake. Adui aliyekusudiwa na sheria ya kwanza ni yule dudu mweusi mwenye pembe tumwitaye chonga. Chonga mkubwa hutoboa kilele cha mnazi akala makuti machanga kabla hayajafunguka. Kuti likichanua laonekana limekatwa kama kwa mkasi. Akiufikia moyo wa mti, mnazi hufa. Lakini mabuu yake hayakai juu. Hulelewa katika magogo ya minazi iliyokufa, katika visiki vinavyooza na katika chungu za samadi. Ndiyo maana sheria ilimtaka mwenye shamba aondoe magogo yaliyokufa, na wakaguzi wakapewa uwezo wa kuingia kutazama.

Hapo ndipo Bwana Shamba alipojulikana. Sheria yenyewe ilikuwa ya busara, kwa kuwa chonga hana mpaka. Mtu mmoja mzembe hulea chonga kwa gogo lake, na jirani zake wote hupata hasara. Jambo kama hilo haliwezi kuachiwa kila mtu na hiari yake, na hapa Serikali ilikuwa na kazi ambayo mkulima mmoja mmoja hawezi kuifanya.

Kwa upande wa tembo mambo yalikuwa mengine. Hukumu ya dini juu ya tembo wasomaji wetu waijua. Hapa twatazama hesabu ya mkulima tu. Mnazi unaogemwa hauzai nazi kwenye karara linalogemwa, na maofisa walipenda nazi zigeuzwe mbata za kusafirishwa. Kwa hiyo ugemaji uliwekewa vibali na makatazo. Lakini mbata hungoja mvunaji, jua na mnunuzi, na bei yake yategemea soko la ng'ambo. Tembo huuzwa siku hiyo hiyo. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema wetu hakusifiwa na mtu, aliendelea kugema kwa sababu ndiyo fedha aliyoiona. Sheria iliyomkataza haikumpa bei njema ya mbata mahali pa lile lililokatazwa.

Majirani zetu wametuachia mafunzo mawili juu ya mti huu. Huko Zanzibar, miaka ya 1950, wataalamu walithibitisha kwamba chungu wale wekundu tuwaitao maji ya moto, ambao hushona majani na kumuuma mkwezi, humlinda mnazi dhidi ya kunguni anayeangusha nazi changa. Na Tanzania Bara, ambako minazi mingi imeuawa na maradhi, Serikali ilianzisha mwaka 1979 Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, na utafiti wake ukafanyika Mikocheni, Dar es Salaam. Zilijaribiwa mbegu za chotara kutoka nje zilizosifiwa kwa kuzaa upesi. Nyingi zilishindwa na maradhi na ukame, na minazi mirefu ya kwetu ikaonekana kuvumilia zaidi. Mtaalamu mwema, basi, huanza kwa kutazama kile ambacho wenyeji wamekitunza.

Mfano wa karafuu

Tukiwa tumekwisha kuvuka maji kwenda Zanzibar, na tukae huko kidogo, kwani wengi wetu tuna jamaa Pemba, na habari za karafuu zimesemwa vibarazani mwetu miaka mingi. Mwaka 1927 kiliundwa huko Chama cha Wakulima wa Karafuu kwa kusudi la kuwasaidia wakulima. Wakati huo wengi wao walikuwa wamezama katika madeni, na mashamba yalikuwa yakiwatoka mikononi. Mwaka 1934 Serikali ilikipa Chama uwezo wa kisheria, na pamoja na hayo ikatunga sheria ya kuzuia ardhi ya wenyeji isihamishwe ovyo. Mwaka 1937 ikaenda mbele zaidi, ikakifanya Chama kuwa mlango mmoja wa karafuu zinazosafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu, na huko India kwenyewe wakaungwa mkono. Mwaka 1938 yakafikiwa mapatano.

Sifa ya mpango ule ni kwamba ulitazama bei na ardhi kwa pamoja. Hatari yake ilionekana baadaye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi wa karafuu alikuwa Serikali peke yake, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Ndipo karafuu za Pemba zikawa zinavuka usiku kwa magendo kuja upande wetu. Mlango mmoja humlinda mkulima akiwa bawabu ni mwaminifu. Bawabu akijipendelea, mlango huo huo huwa gereza.

Chai ipitayo mbele yetu, na korosho ya Kilifi

Baada ya Uhuru nchi yetu ilipata mfano mwema wa idara iliyoyashika mambo yote 3. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikawa Mamlaka ya Kuendeleza Chai ya Kenya. Mkulima wa nyanda za juu mwenye kipande kidogo alipewa miche, akafundishwa kuchuma majani mawili na kichipukizi, akajengewa kiwanda karibu naye, akalipwa kwa mwezi na kuongezewa bakshishi mwisho wa mwaka. Ardhi yake aliyolimia alikuwa na hati yake. Mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hata leo chai ya Kenya na ya nchi jirani huuzwa katika mji wetu na kupakiwa Kilindini. Mwaka 2000 mamlaka ile iligeuzwa kampuni ya wakulima wenyewe. Manung'uniko hayakukosekana, lakini hakuna anayeweza kukana kwamba mamia ya maelfu ya wakulima wadogo walisomesha watoto kwa majani yale.

Sisi wa pwani tulikuwa na korosho. Mwaka 1975 kilijengwa kiwanda cha korosho Kilifi, mashirika ya Serikali na chama cha ushirika cha wakulima wakiwa na hisa ndani yake. Kwa muda mkorosho ulikuwa karo ya shule na mahari ya vijana. Lakini malipo yalichelewa, usimamizi ukalegea, kiwanda kikauzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, na kabla ya muongo huo kwisha kikafungwa. Mkulima akabaki na mkorosho mzee na mchuuzi anayetaja bei apendayo. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ili zibanguliwe hapa. Nia ilikuwa njema. Lakini wanunuzi wakiwa wachache, amri ya kufunga mlango wa nje huweza kuishusha bei badala ya kuipandisha.

Tofauti ya chai na korosho haikuwa katika udongo wala katika bidii ya watu. Mwenye chai alikuwa na hati ya shamba, kiwanda kilicho hai na soko la wazi ambalo bei zake zasomwa na kila mtu. Mwenye korosho mara nyingi alikosa la kwanza, akanyang'anywa la pili, na la tatu hakuliona kabisa.

Ulinzi wa bandarini

Kuna ulinzi mwingine unaofanyika hapa hapa kisiwani bila ya wengi kuutambua. Tangu 1996 nchi ina Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea, lijulikanalo kwa jina la KEPHIS, na wakaguzi wake hutazama mbegu, miche, nafaka na matunda yaingiayo na kutoka bandarini. Msafiri anayenyang'anywa mche alioufunga katika nguo hudhani anaonewa. Na akumbuke habari za dumuzi wa mahindi. Mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuingia Taita na Taveta. Hugeuza mahindi na muhogo uliokaushwa kuwa vumbi ghalani. Mwaka 1992 ilibidi aletwe mdudu mwingine wa kumla. Miaka mingi imepita, na dumuzi yuko bado. Mzigo mmoja usiokaguliwa waweza kuwatia hasara watu ambao hawajazaliwa.

Mambo ya miaka ya karibuni

Mnazi nao hatimaye ulipata chombo chake. Mwaka 2007 iliundwa Mamlaka ya Kuendeleza Minazi ya Kenya. Kwa mara ya kwanza mti huu ulitazamwa kwa ukamilifu: mafuta, makumbi, vifuu, makuti na hata tembo lenyewe. Haikupewa muda mrefu. Sheria za kilimo za mwaka 2013 ziliziunganisha bodi za mazao katika Mamlaka moja ya Kilimo na Chakula, na mnazi ukawekwa katika kurugenzi ya mazao ya njugu na mafuta. Sheria 2 za kale za mnazi tulizozitaja zikafutwa. Mwaka huo huo, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kazi ya Bwana Shamba ilihamia serikali za kaunti. Kwa hiyo leo mtu wa Mombasa mwenye shamba Mtwapa huulizia mambo yake Kilifi, na mwenye shamba Msambweni huenda Kwale.

Yatupasayo sisi

Tukiyajumlisha haya, twaona kwamba Serikali ilimpiga vita chonga mapema. Bei iliilinda kwa vipindi. Na habari ya ardhi, ambayo ilifungwa vibaya mwaka 1908, haijafunguliwa sawasawa hadi leo. Idara hubadilika majina. Shamba halijui majina. Lajua kama gogo limeondolewa, kama mche umepandwa, na kama aliyeupanda ana yakini ya kuukwea.

Chama chetu hakina uwezo wa kutunga sheria, lakini kina wazee wanaosikilizwa na wanachama wenye mashamba. Kwa hiyo twashauri mambo 3. Kwanza, kila jamaa yenye shamba la urithi lisilogawanywa itafute hati yake, iandike majina ya warithi wote, wanawake pamoja na wanaume, kabla mnunuzi hajaja kuwagawanya. Pili, wenye mashamba yanayokaliwa na wakulima wa miaka mingi wapatane nao kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba apandaye mnazi atakuwa na haki katika matunda yake. Bila ya hivyo hapatakuwa na mti mpya. Tatu, kila mnazi mmoja unaoanguka au kukatwa, gogo liondolewe na michanga 2 ya mbegu yetu ndefu ipandwe mahali pake.

Kwa maafisa wa kilimo wa kaunti twasema: karibuni vibarazani mwetu. Wenye mashamba wengi hawako shambani. Wako hapa Mji wa Kale, wanakunywa kahawa. Bwana Shamba anayetaka minazi ya Kisauni ipandwe upya lazima azungumze na mkulima aliye ng'ambo na mwenye hati aliye kisiwani, na kuwakutanisha. Hiyo ni kazi ambayo hakuna idara iliyoifanya tangu mwaka 1908, na chama chetu kiko tayari kutoa ukumbi.